Milimita Kumi na Mbili, Maji Safi

Nyumba za Watumishi,
Bwawani.
Jumatano, saa nne na nusu asubuhi.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu ulipoondoka hapa, na kitinda mimba wako ameacha kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Moyo unaujua mwenyewe. Juzi nilikuta kofia ya marehemu kaka yako nyuma ya mlango, ile ya kijivu uliyomcheka kwamba inamfanya aonekane uyoga, nikakaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa.

Wifi, kabla hujaendelea mbele, nakuomba jambo moja. Chukua watoto, chukua vyeti vyao na nguo za kubadilisha, uende kwa dada yenu mkubwa kule mlimani. Leo hii. Kama unaweza kusoma huku unatembea, soma huku unatembea. Ukuta wa bwawa unaliwa kwa ndani, na mtaa wako ndio wa kwanza chini yake. Hakuna aliyetangaza, na huenda wasitangaze mpaka kesho jioni.

Lakini nakujua. Hutoki mlangoni kwako kwa sababu mtu amesema toka. Umemrithi mama yenu. Kwa hiyo itabidi nikueleze yote tangu mwanzo, tena kwa mpangilio, usije ukasema wifi amechanganyikiwa na msiba. Ndivyo alivyodhani mhandisi leo asubuhi. Dereva wa ofisi, yule tunayemwita Breki, anashuka mjini kufuata vifaa na ndiye atakayekuletea barua hii. Sasa hivi yuko nje anabadilisha tairi na kulitukana. Nina muda mpaka amalize.

Wewe ulikuwa na miaka tisa bonde letu lilipochukuliwa na bwawa, kwa hiyo mengine unayakumbuka. Unakumbuka mama yenu alivyokataa kuhama. Majirani wote walikwisha panda, nyumba zimebaki mapaa yameng'olewa, yeye anakoroga uji jikoni na kusema maji yakimtaka yapige hodi. Yakapiga. Kaka yako alitoka kazini na buti za matope, akambeba mgongoni, naye njia nzima akampiga ngumi za bega na kumwita mzamishaji. Miaka miwili hakusema naye. Akitaka kumwambia neno alikutuma wewe, mwambie huyo mzamishaji chakula kiko mezani, na mwenyewe kakaa hapo hapo, anaweza hata kumgusa. Nilipoolewa, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba nimempata mume aliyezamisha jiko la mamake, basi niangalie kitanda changu kisije kikaelea. Nilicheka mpaka nikapenda nyumba ile.

Ambalo hulijui ni hili. Kaka yako alianza kwa kubeba mawe, kisha akapandishwa kwenye kazi ya kushindilia udongo. Katikati ya ukuta, chini ya mawe unayoyaona, kuna udongo wa mfinyanzi. Waliutandaza tabaka moja moja, unene wa shubiri, na rola likapita juu yake mara nane kabla ya kuweka tabaka jingine. Mara nane, hakuna mjadala. Lakini mwaka wa mwisho mvua ziliwahi, na wakubwa walikwisha panga siku ya sherehe. Upande wa kushoto, pale ulipopita mto wa zamani, wakaambiwa wapitishe rola mara nne tu na waendelee. Kaka yako ndiye aliyekuwa juu ya rola. Alisema alihesabu mara nne, akamtazama msimamizi, msimamizi akamwonyesha kwa kidole aende mbele. Akaenda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi ile ilikuwa ya kwanza kumvisha viatu. Jambo hilo aliniambia mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi, na hakulirudia.

Mwaka wa sita wa bwawa ndipo ukuta ulipovuja. Nyie huko chini hamkuambiwa. Kuna chumba kidogo cha zege mguuni mwa ukuta, unashuka ngazi mia moja na kumi na mbili kukifikia. Maji yote yanayopenya ukutani yanakusanyika humo na kutokea kwenye bati lenye pengo la pembetatu. Kila asubuhi mtu anasoma kwa rula ya chuma maji yamepanda milimita ngapi penye pengo lile, kisha anateka glasi moja na kuitazama mbele ya karatasi nyeupe. Kaka yako alinifundisha kwamba maji safi ni jasho la ukuta, hayana neno. Yakitoka na udongo, ujue ukuta unatoa matumbo yake. Mwaka ule aliyekuwa na zamu ya kusoma hakujali sana mambo ya glasi. Kaka yako alikuwa amepita tu kunawa mikono, akaona maji yana rangi, akapanda ngazi zote mbio. Walipunguza maji ya bwawa, wakadunga saruji ukutani kwa miezi minne, pale pale pa mara nne. Ukuta ukapona. Yeye wakampa rula na nyumba hii, na watu wakampa jina la Milimita. Ukimuuliza sukari kiasi gani kwenye chai anakujibu milimita tano. Miaka thelathini, wifi. Homa, mvua, hata siku ya kumzika mama yenu alishuka kwanza ndipo akaja makaburini, nawe ulimnunia.

Sasa naanza kusema niliyokuwa nimeyafungia mdomo.

Miaka mitatu iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Alinificha miezi kadhaa. Nilijua siku aliponiambia maji yameanza kuchafuka, nami nikashuka naye, nikaona maji kama kioo. Ukungu ulikuwa jichoni mwake, si glasini. Tulikaa chini kwenye ngazi ya mwisho, tukashauriana. Kanuni ya ofisi inasema msomaji asiyeona vizuri anapumzishwa. Nyumba ingekwenda, lakini si nyumba iliyomtia hofu. Alisema akiondoka yeye, watamleta mtu wa kusoma rula tu, na glasi itarudi kuwa ya kunywea. Kwa hiyo nikawa macho yake. Kila saa moja asubuhi tulishuka, mkono wake begani kwangu, na mafundi wakatutania kwamba Milimita siku hizi anasindikizwa kama bibi harusi. Mimi nasoma, yeye anaingiza kidole majini na kusugua kuona kama kuna punje, kisha naandika kitabuni kwa kuiga mwandiko wake na kuweka herufi za jina lake. Kwa kweli tulizipenda asubuhi zile. Namba zile zote zilikuwa za kweli. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu. Maji safi.

Kisha akaugua, nawe ukaja ukaona mwenyewe alivyokwisha. Ofisi niliwaambia kwamba bado anajikongoja kushuka, mimi namshika mkono. Hakuna aliyekuja kuangalia. Mwanzoni nilikuwa nashuka peke yangu, nikikimbia. Asubuhi moja nikarudi nikamkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mlango. Alikuwa ameamka kunitafuta. Hakulia wala hakulaumu. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi, kwamba alidhani amekwisha achwa peke yake.

Nimesikia honi. Breki anasema amebakiza nati mbili zilizoshika kutu na kwamba hangoji barua ya mapenzi. Nimemwambia aziangalie nati zake.

Wifi, mhandisi wetu mpya umemwona msibani, yule kijana mrefu aliyebeba viti. Si mtu mbaya. Anaandaa sherehe ya bwawa kutimiza miaka thelathini na sita, kwa sababu ya thelathini na tano wakubwa waliisahau. Ijumaa iliyopita alikuja hapa na kitabu cha vipimo mkononi, akaniomba nimsimulie historia ya bwawa aiweke kwenye hotuba. Nilimsimulia kuhusu bonde, kuhusu mama yenu na ule uji, kuhusu saruji ya mwaka wa sita. Aliandika kila kitu na kucheka panapochekesha. Kisha akafungua kitabu, akasema mama, miaka thelathini bila siku moja kurukwa, nchi nzima hakuna kitabu kama hiki. Alisema atakata ukurasa mmoja autie kwenye fremu, uning'inizwe ofisini chini ya picha ya marehemu. Akanisomea ukurasa aliouchagua, polepole, kama mtu anayesoma kitabu cha dini. Kumi na mbili, safi. Kumi na mbili, safi. Kumi na moja, safi. Alisema tazama alivyokuwa mwaminifu hata alipokuwa anaumwa.

Nilimwongeza chai. Nikamuuliza kama sukari inatosha, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Akaniambia pia kwamba ameona namba za siku kumi hizi zinapanda moja moja, lakini taratibu, na bwawa nalo linajaa kwa mvua, kwa hiyo ni kawaida. Ameamua maji yaachwe yajae mpaka juu kabisa, ili siku ya sherehe wageni wayaone yakimwagika kwenye njia ya maji ya ziada. Alisema itapendeza kwenye picha.

Haya, wifi. Keti kama bado umesimama. Hapana, usiketi, endelea kufunga mizigo.

Ukurasa ule aliousoma niliutunga mimi. Baada ya kumkuta kaka yako sakafuni sikushuka tena. Siku arobaini na nne, za mwisho zikiwa za msiba, sikushuka hata mara moja. Kila asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda na kitabu magotini, nikaandika. Nilijua namba zilivyo kawaida yake, kwa hiyo nilijua kuzitunga, leo kumi na mbili, kesho kumi na moja, zisifanane sana. Naye aliniuliza kila siku, macho yamefumbwa, leo ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Glasi je. Nikamwambia safi. Akaitikia kwa kichwa akasema ukuta umelala vizuri, ndipo naye akaweza kulala. Nilimdanganya mtu anayekufa kwa jambo moja alilokuwa bado analijali duniani. Na katika siku zile arobaini na nne, wifi, ndimo ilimonyesha ile mvua kubwa iliyoezua paa la zahanati.

Mngeshangaa mkijua nilivyowahesabu nyie waombolezaji mkiondoka, mmoja mmoja. Tangu mazishi ofisi walikuwa wameniomba nishike rula mpaka wapate mtu mwingine, na penye herufi zake niliacha wazi. Ulipopanda gari siku ile, kesho yake nilishuka. Rula ilisema thelathini na moja. Nikateka glasi, nikaiweka mbele ya karatasi, na sikuhitaji karatasi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo siwezi kulitupia ugonjwa wala mapenzi. Nilifikiri, kumi na tatu ya jana na thelathini na moja ya leo, watauliza. Watajua hakushuka mtu. Watamchimbua kaka yako kwenye kaburi bichi na kumwita mwongo wa miaka thelathini, kwa sababu ya siku arobaini na nne zangu. Nikaandika kumi na nne, safi. Kesho yake kumi na tano, safi. Nilipanga niongeze moja kila siku, namba zangu zipande zenyewe mpaka zifikie kweli, halafu niendelee kuandika kweli, na pasiwe na mtu aliyeumia. Lakini kweli haikusimama kuningoja. Nayo ilikuwa inapanda. Kitabuni jana ni ishirini na nane. Kule chini kwenye rula jana ilikuwa arobaini na tano.

Kwa hiyo huyo kijana anaposema namba zinapanda taratibu, anasoma woga wangu. Amelijaza bwawa kwa kuuamini woga wangu.

Leo asubuhi rula ilisema arobaini na saba. Nilipotoka chumbani nikaona upande wa kushoto, pale pa mara nne, doa la maji ukutani, ukubwa wa mkeka wa mtu mmoja, na chini yake mchanga unachemka kama uji. Sikuzipanda ngazi zile mbio. Nilipanda moja moja na glasi mkononi bila kumwaga. Mhandisi alikuwa mezani anachora viti vya wageni, nani akae karibu na nani. Niliweka glasi juu ya mchoro wake na kitabu pembeni, nikamwambia yote, hivi hivi ninavyokuambia wewe. Akanionea huruma kwanza. Alisema mama, msiba unamfanya mtu ajilaumu, nenda upumzike. Nikamwomba atazame glasi. Akatazama muda mrefu. Kisha akauliza namba za kweli ni zipi, nikampa. Nilikuwa naziandika kwa penseli nyuma ya kalenda, siku kumi na tano zote, sijui kwa nini, labda kwa sababu nimefundishwa na kaka yako. Alishuka akikimbia na kurudi akikimbia, viatu vimejaa mchanga, na uso wake haukuwa wa kijana tena.

Wameanza kufungua mlango wa chini ili bwawa lipungue. Haujafunguliwa miaka tisa. Wanaume wanne wanasukuma gurudumu kwa nondo, na mpaka sasa umefunguka shubiri moja ukakwama. Breki anafuata grisi na jeki kubwa. Mhandisi alipiga simu makao makuu mbele yangu, nikasikia upande wake tu. Alisema ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa, lakini watu wa chini mkubwa. Alipoweka simu akaniambia wataalamu watafika kesho jioni, na mpaka hapo asitangaze mtu yeyote, watu wasije wakakanyagana kwa hofu ya bure. Aliniagiza niende nyumbani nisiseme na mtu. Nilifika hapa mlangoni, akanifuata. Alisimama akitazama pembeni, akasema Breki anaondoka baada ya kubadilisha tairi, na kwamba yeye mhandisi hajaona barua yoyote wala hajui mama anaandika nini.

Nimeshakuambia yote. Sikukuandikia ili unisamehe, wakati wa hilo haupo. Nilikuandikia kwa sababu kuna kazi, na ni wewe pekee unayeweza kuifanya.

Wifi, ukishawatoa watoto, usiende kimya. Mtaa wako una nyumba zaidi ya mia. Mmeishi chini ya ukuta huu miaka thelathini na sita na kila mvua kubwa kuna mtu anapita akipiga kelele kwamba bwawa linapasuka, nanyi mnamcheka na kuendelea kufua. Nawe ukipita ukisema hivyo watakucheka, watasema dada wa Milimita anajifanya Milimita. Kwa hiyo usiwaambie kwamba umesikia. Simama pale bombani, wanapopanga ndoo, uwasomee barua hii. Isome kwa sauti. Usiruke pa rola, usiruke pa macho yake, usiruke siku zangu arobaini na nne. Najua ninachokuomba. Yule ni kaka yako aliyekulipia shule, na mtaa mzima unakuheshimu kwa jina lake. Lakini tetesi haina mwenyewe, ndiyo maana hawaitii. Hii ina mwenyewe. Mtu hawezi kujitia aibu kiasi hiki kwa uongo, na hilo watalielewa hata wale wabishi wa duka la kona.

Nilijiuliza yeye angesemaje. Alilishika jina lake vizuri sana. Lakini alizipanda ngazi zile mbio mwaka wa sita kwa ajili ya watu asiowajua, basi nimeamua kumfuata yule wa mwaka wa sita.

Mimi sitakuja huko. Mhandisi amerudi sasa hivi, amesema kuanzia saa sita nisome kila nusu saa mpaka wataalamu wafike, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuitazama ile glasi. Usiogope, doa likikua zaidi ya mkeka ule nitapanda. Nimemwahidi, nawe nakuahidi.

Nisalimie shemeji, mwambie asibishane na wewe leo, abebe tu. Nibusie watoto. Dada yenu mkubwa mwambie asiwape wote kitanda kimoja, yule wa pili anapiga mateke usingizini, nililala naye wakati wa msiba. Kabla hujapanda mlimani, mpe Breki neno lolote, hata tusi, aniletee.

Nimeshuka na kupanda tena, na Breki anapiga honi. Nimesoma sasa hivi, saa sita kamili. Arobaini na nane, matope. Hiyo nimeiandika kitabuni, na chini yake, kwa mara ya kwanza, nimeweka sahihi yangu mwenyewe.

Ukimaliza kuwasomea, wasomee na hii hapa chini, wajue ni nani.

Ni mimi wifi yako,
mke wa Milimita,
niliyeziandika zile namba.